Kidumu cha Mawese na Barafu ya Tabora

Haya yalitokea kabla uwanja wa ndege wa Tabora haujawekwa lami. Treni haikuwa na dalili ya kufika Kigoma wiki ile, nikabahatika kupata lifti kwenye kindege cha viti sita. Tulipandishwa mizani mmoja mmoja, sisi na mizigo yetu, mama mmoja akagoma kilo zake zisitajwe kwa sauti. Kidumu changu cha mawese, lita tano, nikakataa kisiwekwe nyuma. Shemeji yangu wa Tabora alikuwa ameshapiga simu kukiulizia kuliko alivyoniulizia mimi. Nikapewa kiti cha mbele, pembeni ya rubani, kidumu mapajani.

Rubani alikuwa Mzungu wa Alaska, Kiswahili chake kimenyooka. Tukiwa juu ya mabwawa ya Malagarasi akanisimulia ya kwao: majira ya baridi uwanja unaganda barafu, ukikanyaga breki kwa pupa magurudumu yanajifunga, ndege inaserereka itakako. Unagusa chini taratibu, unavuta usukani tumboni ili gurudumu la mbele lisielemewe, unainyoosha ndege kwa pedali za usukani wa mkia, upepo wenyewe unakupunguzia mwendo.

"Poleni sana," nikamwambia. "Huku kwetu barafu iko kwenye friji tu, na hiyo ni umeme ukiwepo."

Tulipoikaribia Tabora, wingu jeusi lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka mjini, na uwanja wote mweupe.

"Wameanika mihogo?" nikauliza.

Rubani hakucheka. Ilikuwa mvua ya mawe. Tukazunguka, tukazunguka tena, mpaka weupe ukapungua na tope likaanza kuonekana. Akasema tunatua.

Sasa, mbele yangu kulikuwa na usukani wa pili, pacha wa ule wa rubani. Akivuta wake, wangu nao unakuja. Tairi zikagusa, akavuta, usukani ukagonga kidumu, ukagoma.

"Toa dumu!"

Nilitoe nilipeleke wapi? Nikalinyanyua juu ya kichwa. Akavuta kwa nguvu zote, usukani ukanikita tumboni, nami kwa maumivu nikalikamua dumu. Kile kifuniko walichokikaza kwa mfuko wa nailoni kule sokoni kikaruka.

Mawese kioo kizima. Rubani akawa yuko Tabora bila kuiona Tabora. Tukaserereka kushoto, tukaserereka kulia, huku miguu yake ikicheza kwenye pedali, breki hagusi. Nyuma mama wa kilo anapiga Salamu Maria, mzee wa Ujiji anavuta uradi, kila mmoja kwa kasi yake. Tukaja kusimama pua ikiwa kwenye majani, ndege nzima, haina hata mkwaruzo.

Watu wakaja mbio. Wakaona kioo chekundu, rubani mwekundu kuanzia kipara hadi kola, na mimi nimelala usukanini nikitafuta pumzi.

"Wamekwisha jamani!" mtu akapiga yowe.

Rubani akafungua mlango, akalamba mdomo, akawasalimia: "Hamjambo?" Nusu ya umati ikatimua mbio.

Shemeji yeye hakukimbia. Alipenya mpaka ndegeni, akapitisha mkono juu yangu, akakichukua kidumu na kukitikisa sikioni.

"Shem," akasema, "yamebaki haya tu?"