Sikulia, Jasho Liliniingia Machoni

Jamani, kabla hamjaendelea kuisambaza ile hadithi kwamba nililia kikaoni: sikulia. Jasho liliniingia machoni. Na huyo rafiki yangu aliyewasimulia (anajijua) hata kwenye kikao hakuwemo, alisikia kupitia ukuta.

Nilikuwa naenda likizo ya siku tatu, nikaambiwa nirekodi salamu kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti cha simu yangu ya mezani. Nikaingiza namba ya siri (bado 1234 iliyokuja nayo, msinicheke), nikahangaika na menyu mpaka penye "salamu ya muda". Nikatoa sauti nzito ya msoma taarifa ya habari: "Sipo ofisini kwa sasa. Tafadhali acha ujumbe baada ya mlio." Safi kabisa. Kilichobaki ni kubonyeza alama ya reli (#) kumaliza kurekodi.

Sikubonyeza. Nilimgeukia jirani yangu wa meza, mkonga wa simu mkononi, nikaanza kujisifu. Nilipoikumbuka reli, yule mama wa kwenye mtambo akasema: kusikiliza ulichorekodi, moja, kuhifadhi, mbili. Nilikuwa na haraka ya likizo. Mbili.

Na ukijipigia kutoka meza yako huisikii salamu yako. Mtambo unakutambua, unakudai namba ya siri. Kwa hiyo nilirudi kazini sijui kitu.

Kikao sasa. Mkuu analalamika kwamba wateja wakipiga hawapati mtu. "Hebu tusikie mteja anasikia nini." Akaivuta simu katikati ya meza, akawasha spika, akapiga namba yangu. Simu yangu ikaanza kuita ng'ambo ya ukuta. Mlio wa kwanza, nikatabasamu. Wa pili, nikakaa wima, maana ile sauti nilikuwa naijua. Wa tatu, jirani yangu wa meza akainamia daftari lake ghafla, mabega yanamtikisika. Tumbo langu likaelewa kabla ya kichwa. Wa nne haukuisha.

"Sipo ofisini kwa sasa..." Mkuu akatikisa kichwa, ameridhika. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kukata. Jamani, kile kidole! Kilibakiza unene wa karatasi. Kikaganda hapo hapo, kwa sababu spika ilisema:

"We, umeisikia hiyo? Hiyo ndiyo sauti. Siyo ya mkuu, akikusalimia unaanza kutafuta ni mlango gani haujatiwa mafuta."

Kisha mimi wa kwenye spika nikauigiza ule mlango. Mara mbili. Mara ya pili nikaongeza na kikohozi chake.

Mlio ukalia. Mkuu akainama taratibu, akaacha ujumbe: "Kikao kikiisha, pita kwangu." Mimi nimekaa mbele yake, hata mita moja haifiki.

Nilipita. Niliomba radhi. Tuyaache hayo.

Nikarekodi salamu mpya, ya heshima, mara sita. Ila niliirekodi kwenye salamu ya kawaida, na ile ya muda isipozimwa ndiyo inayosikika. Mlango ukaendelea kulia siku mbili zaidi, rafiki yangu akigawa namba kwa kila aliyetaka kuusikia.

Na wewe uliyepiga saa sita usiku, ukacheka baada ya mlio ukakata: namba yako imebaki kwenye mtambo.