Tecno, Infinix na itel: ndugu wa tumbo moja kwenye soko la simu Kusini

Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha kuingia kwenye akaunti za wakulima, maduka ya simu ya Masasi, Newala na Mtwara mjini, huku kusini mwa Tanzania, huchangamka. Bango la bluu la Tecno linaning'inia jirani na la kijani la Infinix, na pembeni yake jekundu la itel. Vijana wa mauzo wenye fulana za rangi hizohizo humvutia mteja kila mmoja upande wake, huyu akisifia kamera, yule chaji. Mteja hutoka pale akiamini amelinganisha kampuni tatu. Kumbe zote tatu ni mali ya Transsion, kampuni moja yenye makao makuu Shenzhen, China.

Wanaolijua hilo wamegawanyika. Wapo wanaosema tunachezewa shere, kwamba ushindani ule wa mabango ni maigizo. Wengine wanauliza ubaya uko wapi ikiwa simu ni nafuu na inakaa na chaji. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinavutana juu ya umiliki wakati jambo linalotuumiza huku Kusini ni lingine: utitiri wa matoleo. Gharama yake huioni siku ya kununua. Unaiona siku kioo kinapopasuka.

Lakini haki yao wapewe kwanza. Zhu Zhaojiang, aliyekuwa muuzaji wa simu za Ningbo Bird, alianzisha kampuni hii mwaka 2006, na ilipofika 2008 akaelekeza nguvu zote Afrika wakati wenzake wakigombania soko la nyumbani kwao. Alikuta watu wanatembea na simu mbili, au wana simu moja wanaivua mgongo kila mara kubadilisha laini. Aliyeishi vijijini huku hahitaji kuelezwa. Mtandao unaoshika vizuri Lindi mjini unaweza kukutupa ukifika shambani Liwale, na Halotel walipoingia nchini mwaka 2015 na minara yao ya vijijini, laini ya pili ikawa lazima kwa wengi. Tecno walikuwa wakiuza simu za laini mbili tangu 2007. Nokia, mfalme wa enzi hizo, walitoa ya kwanza yao mwaka 2010.

Betri nayo ni hivyohivyo. Tecno Pova ilipotoka mwaka 2020 ilikuja na betri ya mAh 6,000, na kwa kijiji ambacho kuchaji ni kupeleka simu kwenye banda la mwenye sola na kuilipia, hiyo ni siku nzima ya nafuu. Kamera zao zilipangwa zimwone mtu mweusi akaonekana uso, badala ya meno na macho tu. Kisha ikaja tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) walipozima simu bandia. Waliokuwa na simu za bei chee zisizo na IMEI halali, ile namba ya utambulisho wa kila simu, wakabaki na vipande vya plastiki mkononi. Walihitaji simu halali ya bei ndogo, na itel na Tecno zilikuwa tayari kwenye kabati. Leo takribani nusu ya simu janja zinazouzwa Afrika ni za Transsion. Haikuwa bahati, walisikiliza.

Kuhusu umiliki, sioni kosa kubwa. Kampuni imegawa wateja: itel kwa mwenye fedha kidogo na kwa wapenzi wa vitochi (simu ndogo za vitufe), Tecno kwa watu wa katikati, Infinix kwa vijana wa gemu na muziki. Xiaomi wanafanya vilevile na Redmi na Poco. Anayesema hakuna ushindani amesahau kwamba kabati lilelile lina Samsung za A, lina Redmi, na mtaa wa pili kuna simu zilizotumika kutoka Dubai. Hizi za Dubai ndizo mpinzani asiyetajwa sana. Kijana aliyeuza korosho vizuri na anataka iPhone ya macho matatu hamsikilizi mtu wa Tecno Camon hata akimpa kava na protekta bure. Kwa hiyo Transsion hawawezi kupandisha bei watakavyo. Bei ina wa kuibana.

Sasa twende kwa fundi.

Hesabu familia zilizopo. Tecno wana Pop, Spark, Pova, Camon na Phantom. Infinix wana Smart, Hot, Note na Zero. Itel wana A, P na S. Ndani ya familia moja unakuta ya kawaida, Go na Pro, na kila mwaka namba inapanda. Simu mbili zinazofanana kama mapacha kwa nje zinaweza kutofautiana waya wa kioo ndani, na cha hii kisiingie kwenye ile. Fundi wa Nachingwea au Tandahimba mwenye meza moja na mtaji wa kubangaiza ataweka vioo vya matoleo mangapi? Anaweka vya yale mawili matatu yanayotembea zaidi. Mengine anaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi, na mteja anaambiwa arudi kesho, kisha keshokutwa. Mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga mwezi Mei 2024, hata hiyo keshokutwa ilikufa.

Kioo kikifika, mara nyingi ni kopi. Rangi zimefifia, kidole kinabonyeza herufi hii inatokea nyingine, na halisi ukiulizia bei unaanza kupiga hesabu kwamba bora uongeze kidogo uchukue simu mpya. Kampuni haipati hasara hapo, tuseme ukweli.

Wanaoitetea wana hoja mbili, na moja yao ni nzito. Nyepesi ni kwamba kuna Carlcare, kituo cha matengenezo cha kampuni yenyewe kinachohudumia chapa zote tatu. Ni kweli, na kwa mtu wa mjini ni msaada. Kwa mtu wa Ruangwa, nauli ya kukifuata kituo na siku za kusubiri zinaila ile nafuu yote. Nzito ni kwamba kutoa matoleo mapya kila mara ndiko kunakoshusha vitu vizuri haraka hadi kwenye simu za bei ya chini. Spark Go 1 ya mwaka 2024, simu ya bei ya chini, ina kinga ya IP54 dhidi ya vumbi na matone ya maji. Anayepuliza mikorosho salfa ya unga, simu ikiwa mfukoni, anajua maana yake kwenye tundu la chaji na spika. Zaidi ya hapo, kwa kuwa simu hizi ni nyingi mno, fundi ana lundo la mbovu zake kwenye boksi chini ya meza. Anachomoa spika hapa, mfumo wa chaji pale, kazi inakwenda. Mwenye chapa adimu hapati hata huo msaada.

Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Spika na betri zinapatikana kwa njia hiyo, kioo hakipatikani, maana simu nyingi zilizo kwenye lile boksi zimeingia humo kwa sababu kioo ndicho kilichokufa.

Samsung si malaika. Nao wana A nyingi, na vioo vyao havishikiki bei. Walichowazidi wenzao ni masasisho: Galaxy A16, iliyotoka 2024, imeahidiwa miaka sita. Utasikia watu wakicheka kwamba nani Kusini atakaa na simu miaka sita. Mtu mmoja hakai nayo, lakini simu inakaa. Baba akinunua mpya, ya zamani huenda kwa mtoto aliyemaliza kidato cha nne, kisha kwa shangazi kijijini. Shangazi ndiye anayefika siku programu ya benki inapokataa kufunguka kwa sababu mfumo umepitwa na wakati. Simu nyingi za bei ya chini za Transsion humfikisha huko mapema zaidi.

Programu zinazokuja bila kuombwa ndani ya HiOS na XOS, mifumo ya Tecno na Infinix, pamoja na matangazo yanayochungulia kwenye arifa, ni kero ya wote wenye bando dogo, na hapo sioni utetezi zaidi ya kwamba ndivyo bei inavyoshushwa. Usalama una kumbukumbu mbaya pia. Mwaka 2020 kampuni ya usalama wa simu Upstream na chombo cha habari BuzzFeed News waliripoti kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 ziliuzwa zikiwa na programu hasidi za Triada na xHelper, hasa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Kampuni ilimtupia lawama msambazaji mmoja katika mnyororo wake wa ugavi na kusema ilikwisha kutoa marekebisho.

Ningekuwa naamua pale Shenzhen, ningepunguza matoleo kwa theluthi na kufanya kioo kimoja kiingie kwenye Spark na Smart za mwaka mmoja. Mwenye mali ni mmoja, anashindwa nini? Hapo ndipo kuwa ndugu wa tumbo moja kungetufaa sisi pia.

Wakati huohuo uamuzi wenyewe unahama taratibu kutoka mikononi mwa mnunuzi. Simu za mkopo zimeshika kasi, na mkopeshaji huja na orodha yake fupi ya matoleo. Unatoa kianzio, unalipa kwa siku au kwa wiki, ukichelewesha rejesho simu inajifunga. Kioo kikipasuka mwezi wa tatu, rejesho linaendelea kama kawaida, na fundi naye anadai chake.