Nyigu na Mende wa Chumbani Kwangu

Jamani, mende wa siku hizi dawa ya buku wanaramba. Yule kijana wa kipaza sauti, "panya, kunguni, mende, kwisha habari yao," nimempa hela yangu juzi tu. Leo mende anakatiza juu ya sahani yangu mchana kweupe, taratibu, na mimi ndiye ninayempisha. Uniti zimeisha, maji hayajatoka, mama mwenye nyumba keshagonga. Haya.

Mara akaingia nyigu. Wa kijani, anameremeta, mapaja mekundu, amependeza kuliko mimi. Kwa urefu ni nusu ya mende, lakini alimrukia akamkaba shingoni! Mwiba wa kwanza kifuani, miguu ya mbele ikalegea. Wa pili akaupenyeza shingoni hadi kwenye ubongo. Nikasema marehemu huyo. Wapi! Mende kasimama, kaanza kujisafisha. Miguu, papasi (zile antena ndefu za kichwani), kila kona, karibu nusu saa nzima. Maisha yake yote kashinda chooni, leo maji hakuna ndiyo anajua usafi!

Kumbe sumu ile haiui, inamwondolea tu nia ya kukimbia. Nyigu kaenda zake kutafuta chumba, bila dalali. Karudi, kazikata papasi katikati, kanywa damu iliyotoka, kisha kashika kipande kilichobaki akaanza kumvuta. Na mende anafuata kwa miguu yake mwenyewe, mizima yote sita, kama mbuzi wa Idi! Mimi nyuma yao, taulo kiunoni, napiga magoti, nasogeza ndala wapite.

Wakaishia kwenye tundu la soketi. Tundu ninalolilipia kodi! Humo anataga yai la milimita 2 kwenye mguu wa mende. Buu likitoka linamnyonya kwa nje siku kadhaa, halafu linaingia tumboni, linakula viungo kwa mpangilio ili mwenyewe asife mapema, nyama isioze. Mlango akaufunga kwa vijiwe na takataka za sakafuni kwangu.

Usiniambie nimfuge. Mwaka 1941 nyigu hawa walipelekwa Hawaii wamalize mende, wakashindwa; hawasambai, kila mmoja kang'ang'ania eneo lake.

Na hiyo soketi fundi aliing'oa, akachukua advansi, simu haipatikani. Nguo napigia pasi kwa jirani, pasi ya mkaa, na mkaa anataka ninunue mimi. Gunia zima, anasema. Kwa shati moja!