Unga Ukipanda, Mkimbizi Kafanya Nini?

Jamani, hapa Mwanjelwa, Mbeya, unga ukipanda shilingi 50 tu, kijiwe kizima cha kahawa kinageuka wachumi. "Wakimbizi wanatumaliza!" Wakimbizi gani, bwana? Kambi yao ya Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma huko, na utaratibu ni kwamba mkimbizi hatoki zaidi ya kilometa 4 nje ya kambi bila kibali. Ugali wako wa hapa Uyole, Mbeya, kaufikiaje?

Anayetaka kulalamika aende Kasulu, akalalamike kwa mpangilio. Mgao wa kule ni mahindi au unga, maharage, mafuta ya kupikia na chumvi. Ukitoka kamili, hesabu yake ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mfuko wa wafadhili ukipwaya, nao unakatwa. Sasa nani atakula maharage mwezi mzima bila kubadilisha? Mama mkimbizi anapima kikombe cha mafuta ya mgao, anabadilisha kwa dagaa na nyanya. Wakifanya hivyo wengi, mafuta ya msaada yanashuka bei sokoni, dagaa na ndizi vinapaa. Mwenye migomba anachekelea. Anayelia ni mwenyeji asiye na shamba, wa kuishi kwa vibarua, maana kapata mshindani anayekubali kupalilia kwa ujira mdogo kuliko wake. Hilo kijiweni hamlisemi. Nyie mnasema tu "wenyeji", kana kwamba wote wana migomba.

Ya kulalamikia hasa ni kuni. Maharage makavu hayakulowekwa, sufuria haina mfuniko, mafiga matatu upepo unapita: kuni zinakwisha, maharage bado mabichi. Zidisha kwa kambi nzima, halafu ushangae kichaka kimekwisha na kina mama wa pande mbili wanakunjana kwa mzigo mmoja wa kuni!

Halafu mnasahau wakimbizi Warundi waliokuja 1972. Wengine walipewa pori Katumba na Mishamo, hapo Katavi kwa jirani, wengine Ulyankulu, Tabora. Wakafyeka, wakalima mahindi na tumbaku, na zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Hao wamekula unga wa nani?

Mbolea mnaijua bei yake. Mvua mnaijua. Malori ya mahindi yanayovuka mpaka wa Tunduma mnayaona kwa macho. Na wewe dalali unayepiga kelele kuliko wote, lile lumbesa lako kutoka Mbozi, gunia lililojazwa kupita kiasi, sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Kile kilemba cha nyongeza juu ya gunia kashona mkimbizi yupi?