Ndege wa Kinangop na ekari za wenyewe

Tumezoea kudhani kwamba ndege wa porini ana kwao, na kwao ni mbugani, penye lango, askari na tiketi. Ukipanda hadi uwanda wa Kinangop, kaunti ya Nyandarua nchini Kenya, dhana hiyo haikufikishi mbali. Huko anaishi ndege mdogo, mgongo wa kahawia, kifua cha manjano, ukucha wa nyuma mrefu kupita kiasi. Wanasayansi humwita Macronyx sharpei. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kenya, na yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Msitu wa Aberdare uko hapo jirani, una uzio na walinzi, lakini huyu si ndege wa msituni. Ni wa nyasi za nyanda za juu, na nyasi hizo karibu zote zimo ndani ya mashamba yenye hatimiliki.

Maana yake ni kwamba anayeamua kama ndege huyu ataendelea kuwepo ni mzee mwenye ekari tano, jirani yake mwenye mbili, na kijana aliyekodi moja apande viazi msimu huu. Je, ni haki kuwabebesha mzigo huo?

Tuanze na anachohitaji ndege mwenyewe, maana hapo ndipo mabishano mengi hupotea njia. Kuwa na nyasi tu hakumtoshi. Anataka nyasi fupi zilizochanganyika na vishungi, yaani yale mafungu ya nyasi ngumu zinazoota kwa kushikamana, ambamo hujificha na kutaga mayai chini kabisa, ardhini. Chakula chake ni wadudu wa hapo hapo. Watafiti waliofanya kazi Kinangop miaka ya tisini na baadaye waliona jambo ambalo mkulima asingelitarajia: shamba likibaki malisho lakini vishungi vikang'olewa, ndege hupungua sana. Na mfugaji ana sababu nzuri ya kuving'oa, kwani ng'ombe hawavipendi, vinakula nafasi ya nyasi tamu. Kwa hiyo hata mtu asiyewahi kuingiza trekta anaweza kumfukuza ndege huyu bila kujua, akiamini anaboresha malisho yake.

Lawama kwa mkulima hazina uzito ukiitazama historia ya ardhi hii. Wamaasai waliichunga kabla ya makubaliano ya 1904 kuwahamisha kuwapisha walowezi. Walowezi wakaifanya nchi ya kondoo na ng'ombe, mashamba makubwa makubwa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sitini mashamba hayo yakakatwa na kugawiwa wakulima wadogo, wengi wao watu waliokuwa hawana hata pa kuweka jembe. Tangu hapo kila baba amewagawia wanawe. Kipande kikishakuwa kidogo, ng'ombe wawili hawatoshi kulipa karo, na viazi au kabeji ndivyo vinavyoleta fedha ya haraka. Ndege huyu ameteseka kwa sababu watu walipata ardhi, na sidhani yupo wa kusema wasingepaswa kuipata.

Hoja ya mwenye shamba, basi, ina nguvu. Faida ya ndege ni ya dunia nzima. Gharama ni yake peke yake. Watalii wanaopenda ndege hufika na darubini zao, wakapiga picha, wakaondoka, na aghalabu kilichobaki kijijini ni cha mwongozaji, wala si cha mwenye malisho. Tena Kinangop ina kumbukumbu mbichi ya wageni wenye mipango. Mradi wa umeme wa upepo uliokusudiwa kujengwa huko, wa megawati zaidi ya 60, ulizua maandamano makali ya wakazi waliohofia ardhi yao, na mwaka 2016 ukafutwa. Mtu akija leo na makaratasi ya uhifadhi yenye sehemu ya kutia sahihi, anapokelewa kwa kumbukumbu hiyo.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 69, inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kulinda mazingira. Umiliki haukuwahi kuwa ruhusa ya kufanya lolote. Na ndege akishatoweka Kenya, ametoweka basi, hakuna pa kwenda kumleta. Lakini binafsi sioni sheria ikifanya kazi hapa. Utamshtaki nani kwa kung'oa kishungi cha nyasi katika shamba lake? Hata kama mahakama ingekubali, siku chache kabla ya hukumu lingekuwa limeshalimwa, kimya kimya, ili kesi ife.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba uwanda wenyewe unatoa upenyo. Udongo wa sehemu kubwa ya Kinangop haupitishi maji vizuri. Mvua ikizidi, maji hutuama na viazi huozea ardhini. Wakulima wengi wana kona kama hiyo, ambayo kila mwaka wanailima kwa matumaini na kila mwaka inawatia hasara. Kona hiyo ikiachwa na vishungi vyake, kondoo wakaingizwa kwa kiasi na moto ukazuiwa wakati wa kutaga, mwenye shamba hapotezi kikubwa. Pale nitakapowaunga mkono wahifadhi bila kusita ni hapo: waombe kwanza kile ambacho mkulima anaweza kukitoa bila kujikata mkono. Wakianza kwa kuomba ekari yake bora, wamejifungia mlango.

Kuna ombi jingine lisilogharimu kitu, na ndilo gumu kuliko yote kulieleza: usipande miti hapo. Mwishoni mwa 2022 serikali ilitangaza kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na toka shule ya msingi tumefundishwa kwamba mti ndio mazingira. Mkulima anapanda mikaratusi kwenye malisho, anapata nguzo na kuni, na juu yake anapigiwa makofi kama mhifadhi. Kwa ndege wa nyasi, shamba la mikaratusi ni sawa na shamba la kabeji, tena baya zaidi, kwa kuwa kabeji huvunwa na malisho yanaweza kurudi, ingawa polepole na bila hakika ya vishungi. Afisa mmoja anahimiza miche, mwingine anaomba nyasi zibaki, na mwenye shamba anabaki kujiuliza nani anasema kweli. Nadhani hapa kosa si la mwenye shamba.

Kuhusu malipo, njia zimejaribiwa kadhaa. Nature Kenya, chama chenye mizizi ya tangu 1909, kimenunua vipande vichache Kinangop na kuviweka kama hifadhi ndogo. Ni jambo zuri kwa sababu lina uhakika, lakini uwanda wote haununuliki, na kila kipande kinachonunuliwa hupandisha bei ya cha jirani. Njia ya pili ni kuipa thamani mifugo inayohitaji malisho ya aina hiyo. Huko Njabini ushirika wa wafumaji umekuwa ukisokota na kufuma sufu ya kondoo wa wenyeji, ili nyasi ziingize kitu. Wazo hilo nalipenda, ila lina kikomo: sufu haijawahi kushindana na viazi mwaka ambao bei ya viazi ni nzuri. Wengine hutaja maziwa. Hapo niko mwangalifu zaidi, kwa sababu mfugaji wa maziwa anayepanda ngazi huelekea kufungia ng'ombe zizini na kupanda nyasi za kukata, na vishungi huondoka vilevile.

Njia ya tatu ni kukodi. Kwenye bonde kuu la California, tangu 2014, wakulima wa mpunga wamekuwa wakitaja wenyewe bei wanayotaka ili waache maji mashambani wiki chache ndege wahamao wanapopita, na shirika la The Nature Conservancy huchagua zabuni zinazofaa. Hakuna anayeuza ardhi na hakuna anayefungwa milele. Kinangop tayari ina desturi ya kukodisha ekari kwa msimu. Mhifadhi angeweza kuwa mpangaji kama wengine, alipe kinacholipwa na mpanda viazi, amwache mwenye shamba achunge kondoo humo humo.

Lakini tusishangilie mapema. Uholanzi imewalipa wakulima kwa miaka mingi wachelewe kukata nyasi ili ndege wa malishoni walee vifaranga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Nature haukuona faida ya mikataba hiyo kwa ndege hao. Fedha ilitoka, mashamba yalisajiliwa, ndege hawakuongezeka. Kwa hiyo kinacholipiwa kisiwe tabia njema ya jumla wala kuhudhuria semina. Kilipiwe kishungi kilichosimama. Huhitaji daktari wa ndege kuvihesabu; kijana wa kijijini anaweza kupita msimu hadi msimu, akaandika, na jirani akamsahihisha.

Likibaki hilo tu ningesema mambo ni mepesi. Kikwazo ambacho mijadala ya uhifadhi huruka ni hati zenyewe. Mashamba mengi ya wakulima wadogo Kenya bado yako katika jina la babu aliyekwisha fariki. Wanawe wamegawana kwa mdomo, mpaka ni mti au mfereji, na kila mmoja analima chake. Mkataba wa kukodi kwa ajili ya ndege utasainiwa na nani? Ndugu mmoja akikubali, mwingine anaweza kulilima shamba hilo mwezi unaofuata, na kisheria wote hawana hati. Tena anayelisha kondoo kila siku huenda ni mjane ambaye jina lake halimo popote. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mmiliki kuifanya ardhi yake hifadhi, lakini inamtaka kwanza awe mmiliki.

Kama mimi ndiye ningeshika mfuko wa fedha za ndege huyu, sehemu nzuri ingeenda kwa mawakili na wapimaji: kusaidia familia zikamilishe kesi za mirathi, zipate hati kwa majina ya walio hai, wajane wakiwemo, kwa sharti kwamba ile kona yenye maji ibaki malisho kwa miaka tutakayokubaliana. Familia ingepata kitu inachokitafuta kwa miaka mingi na isichoweza kukilipia, na mhifadhi angepata mtu wa kusaini naye.