Nani Anayeikagua Kazi ya Mshauri wa Kanisa?

Wakristo wa Marekani wamegawanyika kuhusu ushauri nasaha kiasi kwamba wengine hawawezi kumpeleka muumini wao kwa mshauri wa upande wa pili. Wapo wanaomfuata Jay Adams, mchungaji wa Marekani ambaye mwaka 1970 alishikilia kwamba mchungaji mwenye Biblia anatosha, akijenga hoja yake juu ya neno la Kigiriki ambalo katika Warumi 15:14 tunalisoma "kuonyana". Wapo wanaochanganya theolojia na saikolojia. Hao husoma shahada ya uzamili, kisha hushauri watu chini ya msimamizi kwa saa ambazo katika majimbo mengi ni kati ya 2,000 na 4,000, ndipo wapate leseni kamili. Halafu wapo makasisi wa hospitali, ambao mafunzo yao yalianza mwaka 1925 huko Worcester, Massachusetts, chini ya Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa mwenyewe kwa ugonjwa wa akili.

Ugomvi huo tunausafirisha Kenya upesi mno. Mtu anarudi na cheti cha upande mmoja na dharau kwa upande mwingine, na kile ambacho pande zote tatu wanakubaliana anakiacha uwanja wa ndege. Wote wanamtaka mwanafunzi akabidhi kazi yake kwa mwingine aikague. Hata ACBC, chama cha washauri wanaosimamia Biblia peke yake, kinadai saa 50 za kushauri chini ya msimamizi kabla ya kumthibitisha mtu. Nyumbani, mara nyingi mwanafunzi wa theolojia hufaulu ushauri kwa mtihani wa kuandika, hupewa kanisa, na wiki hiyohiyo ameketi mbele ya mke na mume wanaotaka kuachana. Aliwaambia nini? Hakuna wa kumuuliza.

Hebu tuangalie makasisi wanavyofanya. Kipindi kimoja cha mafunzo yao si chini ya saa 400, na sehemu kubwa ni kukaa na wagonjwa. Baada ya mazungumzo, mwanafunzi huyaandika neno kwa neno jinsi anavyoyakumbuka, pamoja na kimya na machozi, kisha huyasoma mbele ya wenzake wachache na msimamizi. Tuseme ameandika hivi. Mjane: "Usiku taa siizimi." Mchungaji: "Mungu ni mume wa wajane, mama. Tuombe." Msimamizi atamsimamisha hapo: taa haizimwi kwa nini? Anaogopa nini? Mama alikuwa amefungua mlango, na maombi yakaufunga. Maombi yenyewe hayana kosa. Yalikuja mapema kwa sababu mchungaji ndiye aliyeshindwa kuvumilia kimya, na hilo hangeligundua peke yake.

Usiri ndio unaoniuma zaidi. Kanisani kwetu siri haivuji kwa umbea tu, huvuja kwa maombi: "Tumkumbuke dada mmoja wa kwaya ambaye mumewe amehama nyumba." Jina halikutajwa, na kila mtu amemjua. Mshauri apewe kanuni iliyo wazi: habari haitoki, hata kwa mke wake, hata kama hoja ya maombi, isipokuwa mwenyewe ameruhusu au maisha ya mtu yako hatarini. Mipaka hiyo aitamke mwanzoni, kabla mtu hajaanza kusimulia.

Mafunzo yetu pia hayasemi vya kutosha ni lini mchungaji aombe msaada. Anayezungumzia kufa aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii apelekwe pia. Mke anayepigwa asiwekwe kikao kimoja na mumewe, kwa sababu atakayoyasema pale ndiyo atakayopigiwa nyumbani. Wala mtu yeyote asiambiwe aache dawa kwa imani: dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kumshika lisikome, na hilo huua.

Hata hivyo, Marekani hawana kila kitu. Kikao ni kama dakika 50, mlango unafungwa, na hadi wiki ijayo mtu huyo hana wa kumwangalia. Bima nyingi hazilipi bila jina la ugonjwa, hivyo huzuni ya kawaida hutafutiwa jina. Sisi tuna wazee wa kanisa wanaofika nyumbani, wanaojua watoto wamelala wapi na nani amekosa ibada Jumapili mbili. Ufuatiliaji kama huo haununuliki.

Kwa hiyo tuanze na tulicho nacho. Wachungaji watano wa makanisa tofauti, wasiochunga watu walewale, wakutane mara mbili kwa mwezi, saa mbili kila mara. Mmoja alete ukurasa mmoja wa mazungumzo, majina na dalili za kumtambulisha mtu zikiwa zimeondolewa. Wamwalike mshauri aliyesajiliwa, kwani Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, awe ndiye anayeuliza maswali. Karatasi zichanwe kabla ya kuondoka. Na anayekuja kila mara bila ukurasa, akisema kwake hakuna shida, huyo ndiye wa kukaa naye kwanza.