Kabari ya mti na cheti cha kitambaa

Kila Wakenya tukikutana huku Marekani, hapakosi mmoja wa kusema kwamba nyumbani hakuna mafundi, kuna wabahatishaji. Mara nyingi anayesema hivyo ni mtu ambaye gari lake likiwaka taa nyekundu hulipeleka gereji asubuhi akalichukua jioni, na asijue lilifanywa nini. Mimi huu ni mwaka wa tatu wikendi zangu zinaishia kwenye gundi na kutu. Jumamosi nashona na kukarabati ndani ya ndege ndogo ya rafiki yangu, Jumapili nafufua gari langu kuukuu, Datsun 510 ya mwaka 1971. Kadiri ninavyoendelea ndivyo maneno yale yanavyozidi kuniudhi.

Nianze na ndege. Ni Cessna 172, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1956 na ambayo hadi leo zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Hii yetu ni ya miaka ya sitini. Tulipoifungua mlango, sponji za viti zilikuwa zimegeuka unga, na paneli za plastiki za pembeni zimekaushwa na jua hadi ukizigusa kwa kidole zinapasuka kama ganda la yai. Rafiki yangu ni rubani na ndege ni yake, lakini sindano hajawahi kuishika. Mimi nimekulia chini ya cherehani ya mjomba aliyeshona viti vya magari.

Sasa sikiliza sheria. Kanuni za anga za Marekani, sehemu ya 43, zina orodha ya kazi ambazo mwenye leseni ya urubani anaruhusiwa kuzifanya mwenyewe kwenye ndege yake, mradi si ndege ya kampuni inayobeba abiria kwa malipo. Anaweza kurekebisha viti na mapambo ya ndani, almuradi asifungue sehemu inayobeba mzigo wa ndege wala kugusa mifumo inayoiendesha. Anaweza kubadilisha mikanda. Akimaliza anaandika kwenye daftari la ndege: kazi gani, tarehe gani, sahihi yake, namba ya leseni na aina ya leseni. Basi.

Mimi mshonaji simo kwenye orodha hiyo. Nashona chini ya fundi wa ndege mwenye leseni, ambaye sheria inamtaka aiangalie kazi kwa kadiri inavyohitajika na awe karibu, yeye mwenyewe, nikiwa na la kuuliza. Yaani asiyejua kushona anaweza kutia sahihi, na anayejua lazima asimamiwe. Mwanzoni iliniuma, sitaficha. Nilijiona kama mtu aliyeingia jikoni kwake mwenyewe akaambiwa asiguse sufuria.

Yule fundi, mtu wa maneno machache, aliniponya siku nilipoleta reksini, ile ngozi ya bandia ya kuvalisha viti. Nilikuwa nimechagua nzuri, laini, ya viti vya gari, rangi ya udongo. Akaigeuza nyuma, akaniuliza cheti chake cha moto kiko wapi. Nikamwambia ni ya magari na inakubalika. Akanieleza kwamba kitambaa cha gari huku hupimwa kikiwa kimelala: moto usitambae zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Yeye alitaka kilichopimwa kikiwa wima, ingawa ndege ya umri huu ina kanuni nyepesi zaidi. Kipande huning'inizwa, moto huwekwa kwenye ncha ya chini kwa sekunde 12, kisha huondolewa. Kwa wastani kisiendelee kuwaka zaidi ya sekunde 15, na sehemu iliyoungua isizidi inchi 8. Moto unaopanda juu ndio unaotafuta uso wa mtu. Na angani hakuna pembeni pa kuegesha ukashuka.

Reksini yangu nikaiweka kwa ajili ya Datsun.

Watu hudhani kukarabati ndani ya ndege ni urembo. Kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mizani. Kila tulichokitoa tulikipima, na kila tulichokirudisha tulikipima: zulia, sponji, hata gundi tuliikadiria. Zulia zito lililowekwa nyuma ya viti vya nyuma linavuta kitovu cha uzito kurudi nyuma, na ndege ambayo uzito wake umerudi nyuma mno, ikipoteza kasi, ni kazi kuishusha pua ipate kuruka tena. Kwa hiyo fundi akakokotoa upya na kuandika. Skrubu za chuma karibu na dira alizikataa kabisa, kwa sababu zinaivuta sindano.

Yenye maana zaidi yalikuwa chini ya mapambo. Nyuma ya paneli palikuwa na sufi ya kioo ya kuzuia kelele, nayo ilikuwa imekaa na unyevu miaka mingi. Tulipoibandua, alumini ya mwili wa ndege ilikuwa imetoa unga mweupe sehemu mbili, yaani imeanza kulika. Hapo kazi yangu ilisimama na yake ikaanza. Akazikagua pia reli za viti. Kwenye Cessna hizi, matundu yanayoshika pini ya kiti hulika. Pini isiposhika sawasawa, kiti cha rubani kinaweza kuteleza nyuma ndege inapopaa, naye akiwa ameshika usukani anauvuta kwake na pua inainuka wakati mbaya kuliko wote. Agizo la usalama juu ya reli hizo lilitolewa mwaka 1987 na likaandikwa upya mwaka 2011. Viti vyangu vingependeza sana juu ya reli iliyolika.

Nakubali basi: hapo ndipo huku wametuzidi, kwenye kuandika. Anayeinunua ndege hii baada ya miaka ishirini atajua nani alishona, lini, kwa kitambaa gani, kilo ngapi zilitoka. Mjomba wangu alishona viti maisha yake yote na hakuna mahali jina lake limeandikwa.

Tuje kwenye Datsun.

Nyumbani gari la ukoo huu tulilijua kwa jina la 1600 SSS, na wazee bado wanalitaja kwa heshima kwa sababu lilishinda Safari Rally mwaka 1970, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani. Huku waliliuza kama 510, lenye kabureta moja badala ya mbili. Niliponunua langu nilidhani adui ni injini. Adui ni chumvi. Majira ya baridi humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo inaingia chini ya gari na kulila kutoka ndani kuja nje. Sakafu yangu ilikuwa na rangi na zulia, na katikati hapakuwa na kitu. Nilikata bati hadi nikafika kwenye chuma cheupe, nikachomelea vipande vipya, nikapaka praima, nikaziba maungio. Kuna mtu alikuwa ameshapita hapo kabla yangu akajaza fila juu ya kutu, akapiga msasa na kupaka rangi. Mwamerika, tena. Ubahatishaji hauna uraia.

Kisha nikaja kubadilisha gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Injini yake, L16, ni rahisi, nikajipa moyo. Nikafungua gia ya juu ya mnyororo wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, nikainua hedi, nikasikia kitu kikiruka ndani, *tak*. Kile kidude kinachokaza mnyororo kilikuwa kimechomoka kwenye nyumba yake na kuanguka, kwa sababu mnyororo ulipolegea hakikuwa na cha kukizuia. Kukirudisha ni kufungua kifuniko chote cha mbele: rejeta, puli, bolti za sampu, Jumapili tatu. Kitabu kilikuwa kimetaja kifaa cha kuzuia. Nilikuwa nimeruka ukurasa.

Usiku ule nikampigia simu mzee mmoja nyumbani, fundi aliyefanya kazi na mjomba. Sikumaliza hata kueleza.

“Hukutia kabari,” akasema.

“Kabari gani, mzee?”

“Ya mti, mwanangu. Unachonga kijiti kirefu chembamba chini, unakishindilia kutoka juu katikati ya mnyororo kabla hujagusa gia. Kinabana pande zote mbili. Ukimaliza unakivuta. Ule mnyororo usipoubana unakutapikia.”

Akacheka, kisha akaniuliza hali ya watoto. Maarifa yale hayapo kwenye daftari lolote. Yapo kwenye kiganja cha mtu ambaye, kwa kipimo cha jamaa zangu wa huku, ni mbahatishaji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifia moyo wa kujifanyia wenyewe wa Wamarekani. Moyo upo, na mimi mwenyewe umeniambukiza. Ila msisahau unatokana na nini. Huku saa moja ya fundi ni ghali mno hivi kwamba daktari na mwalimu wanalala chini ya gari wenyewe, na wana gereji yenye paa, umeme na nafasi ya kuliacha gari limefunguliwa miezi sita. Nyumbani mwenye gari hukaa kwenye kibao pembeni akisubiri, shati safi, kwa sababu mikono ya fundi ni rahisi kuliko muda wake. Matokeo yake ni kwamba mwenye mali hajui kilichofanyika na hawezi kumuuliza fundi swali la maana. Fundi naye, asiyeulizwa, hana sababu ya kuandika chochote. Kisha tunamlaumu kwa kutokuandika.

Nimeulizwa mara nyingi kama gari likikamilika nitalirudisha nyumbani. Haliwezi kwenda. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe likipita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na tena langu lina usukani wa kushoto. Marekani nao wana sheria inayokwenda kinyume: gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama linasamehewa viwango hivyo likishatimiza miaka 25. Kule gari likizeeka linafungiwa mlango, huku likizeeka linafunguliwa. Naielewa sababu ya kila upande, na bado inanichekesha.

Viti vya Cessna vimekamilika, vimeandikwa, vimepimwa. Nilimtumia mzee picha. Hakusema lolote juu ya mshono, na huo ndio upole wake. Aliuliza tu ule moto wa sekunde 12 ni wa nini, maana nilikuwa nimeugusia. Nikamweleza. Siku mbili baadaye akanipigia yeye, jambo ambalo halifanyi. Alikuwa amekata vipande vinne vya reksini anazoshonea wateja, akavitundika kwenye waya nje ya kibanda chake, akaviwashia kiberiti kimoja kimoja huku akihesabu kwa sauti.

“Viwili vilizimika,” akasema. “Cha tatu kilidondoka kama mshumaa. Cha nne, mwanangu, sikufika hata sita.” Akanyamaza kidogo. “Na hicho cha nne ndicho nilichoshonea gari la shule mwezi uliopita. Niambie hizo za kwenu nyuma zimeandikwa nini, nijue cha kutafuta.”